Bufe Nililoazima Siku ya Kuja Wakwe

Jamani, habari hii nawasimulia kwa sababu mtaa wetu mzima wa Katindo hapa Goma tayari unaijua, na heri muisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa shemeji yangu, ambaye kila akiisimulia anaongeza kitu (safari iliyopita alisema nilizimia, mimi sikuzimia, nilikaa chini tu kwa ghafla). Aibu niliipata, siikatai, na niliitafuta kwa mikono yangu miwili.

Ilianza hivi. Binti yangu wa kwanza, Masika, alikuwa amepata mchumba, kijana mpole wa Keshero anaitwa Bahati, na familia ya kijana ikatuma habari kwamba Jumamosi wanakuja kwetu rasmi kumwomba. Mimi badala ya kuwaza chakula nikaanza kuwaza bufe. Bufe mnalijua, lile kabati refu la chini linalokaa ukutani sebuleni, juu yake mnaweka televisheni na picha za komunyo, ndani mnafungia sahani za wageni. Letu lilikuwa la zamani, alilichonga marehemu baba mkwe kule Butembo kwa mbao za libuyu, zito ajabu, jeusi, miguu minene, na mlango wake mmoja haufungi mpaka uubane na kikaratasi. Sasa dukani kwa Papa Jado nilikuwa nimeliona lingine, la kisasa, jeupe, linang'aa, vishikio vya rangi ya dhahabu na taa za bluu ndani, na tangu nilione usingizi ulinipaa.

Mume wangu nilipomwambia alinijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Ile ya papa iko mti ya kweli. Hiyo yako ya taa iko karto tu." Karto, yaani karatasi ngumu ya maboksi.

Basi nikawa mtu wa kwenda na kurudi dukani, leo nimechagua la kisasa, kesho namkumbuka baba mkwe na patasi yake narudi kwenye la zamani, kesho kutwa niko tena pale nafungua milango na kufunga ili nione taa zinavyowaka, hadi Papa Jado akanichoka. Alhamisi akaniambia: "Mama Masika, hii bufe iko na mwenyewe, atakuya kuikamata lundi. Lakini wee ipeleke kwako, uiangalie mu saloni paka siku ile. Ikikupendeza nitakuletea ingine ya sawa nayo. Usiikwaruze tu."

Lundi ni Jumatatu, na wakwe wanakuja Jumamosi, kwa hiyo nikapiga hesabu yangu ya haraka nikasema sawa. Mwenye bufe ni nani, sikuuliza. Kuuliza kungenichukua nukta moja tu, lakini mimi macho yalikuwa kwenye taa.

Ijumaa bufe likapanda juu ya chukudu (ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo), kijana anasukuma, mimi nyuma nalishikilia kwa mikono miwili huku linarukaruka juu ya mawe, na njia nzima majirani wananipigia kelele, "Felisitasio, Mama Masika!" nami naitikia asante, asante, kana kwamba ni langu. Lile la zamani wanaume wanne walilitoa wakihema, wakaliweka nyuma ya jiko, tukalifunika turubai. Mume wangu alichukua kiti chake akaenda kukaa huko nyuma, karibu nalo.

Masika mwenyewe haya yote hakuyaona, alikuwa kwa shangazi yake akisukwa, akaletwa Jumamosi asubuhi kupitia mlango wa nyuma moja kwa moja hadi chumbani, maana kwa desturi msichana haonekani mpaka aitwe. Na katika ile haraka ya mwisho mwisho mimi nikatoa sufuria ya sombe (kisamvu) motoni, nikatafuta pa kuiweka, nikaiweka juu ya bufe. Nilipoinyanyua, ile ngozi nyeupe ilikuwa imevimba kama chapati. Nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki, nikajipongeza kwa akili yangu.

Wageni wakafika, wamechelewa nusu saa. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye alikuwa msemaji wetu, na mnajua mambo yetu, upande wa kijana wakikosea kidogo tu wanatozwa faini, basi akawatoza kasiye, yaani kreti, ya bia, wakatoa, watu wakacheka. Mtu mmoja hakucheka. Mama Bahati, mama wa kijana, alikuwa amekaa analitazama bufe.

"Bufe yenu iko muzuri," akaniambia. "Muliipata wapi?"

Ningeweza kusema nimeliazima kulijaribu. Ningeweza hata kukohoa. Lakini mimi, Mungu anisamehe, nikasikia mdomo wangu unasema: "Hii? Iko hapa tangu zamani, mama. Masika alijifunza kutembea akiishika." (Masika ana miaka ishirini na mitano. Taa za bluu zinawaka.) Mume wangu alipaliwa na soda.

"A bo, kumbe," akasema Mama Bahati, na mikono akaikunja.

Muda wa kumwita binti ukafika. Masika akatoka, amependeza hadi machozi yakanilenga, akasimama katikati, na shemeji akamuuliza lile swali ambalo kila msichana anaulizwa: "Mutoto wetu, hawa batu unabajua?"

Masika akawatazama, akamtazama Bahati wake, kisha akatazama ukutani. Kumbe alidhani wageni ndio wamekuja nalo, zawadi. "Batu nabajua, papa mudogo," akasema. "Bufe tu njo siijui."

Mama Bahati akainuka polepole.

"Miye naijua," akasema.

Akaenda kwenye mlango wa tatu, akaufungua, na humo ndani, kwa verni nyekundu ya kucha, kumeandikwa MAMA BAHATI. Mnajua jinsi sisi wanawake wa Goma tunavyoweka alama kwenye masufuria na sahani ili zikiazimwa kwenye harusi zirudi kwa mwenyewe, basi yeye aliweka alama yake siku ileile alipolinunua, hakuwaamini watu wa duka. Alilinunua kwa ajili ya nyumba ya watoto, ya Bahati na Masika. Kisha akayasogeza maua, akainua kitambaa, akaiona chapati yangu.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nilimtazama Masika, macho yake yamejaa maji, nikaogopa kwelikweli, nikajiambia nimevunja ndoa ya mwanangu kwa sababu ya taa za bluu.

Msemaji wao, mzee mmoja mwembamba, akasimama akajifuta mdomo. "Batu ba Katindo," akasema, "siye tulikuya kuomba mutoto na adabu yote. Tulichelewa kidogo, mukatulipisha kasiye. Kumbe nyinyi mulishakamata kintu yetu hata mbele tubishe hodi. Sasa siye tutabalipisha nini?"

Tangu nizaliwe sijawahi kuona upande wa msichana unatozwa faini. Shemeji yangu, yule mwenye majibu ya kila kitu, alikuwa anasoma dari.

"Saa ile nilitoka inje," mzee akaendelea, "nilikuta ingine nyuma ya jiko chini ya turubai, ya libuyu, kazi ya mutu mwenye mikono. Ile njo itaenda na mutoto. Hii ya kuungua, mubakiye nayo."

"Sawa, muzee," mume wangu akajibu haraka, wa kwanza, na ndipo kicheko kikapasuka, Mama Bahati naye akicheka hadi akanishika bega, Masika anacheka huku anajifuta machozi.

Siku ya harusi gari lilikuja kuchukua vitu vya Masika, na bufe la baba mkwe likatangulia kutoka, wanaume wanne wakihema tena. Mimi nikashindwa kujizuia, nikalia mbele ya watu wote. Mume wangu akaniinamia sikioni: "Unalilia mutoto ao bufe?" Kusema kweli nilikuwa sijui.

Basi mimi tangu hapo siazimi hata kijiko, na lile jeupe liko sebuleni kwangu, taa zake zimekufa zote. Mgeni akilitazama tu kidogo, kabla hajafungua mdomo namwambia: ni la Mama Bahati, nililiunguza mwenyewe, kaa tunywe chai.