Waruguru Akataa Kushushwa Kwenye Trekta

Waruguru anafika mwisho wa shamba, anainua jembe la trekta, kisha anageuza kichwa chote kushoto kabla ya kukata kona.

"Huku kando sioni vizuri," anasema kwa sauti kubwa, injini ikinguruma. "Kwa hivyo shingo inasaidia jicho."

Mama huyu wa miaka hamsini na miwili hulima mashamba ya watu nje ya mji wa Kitale. Ana glakoma, ugonjwa wa presha ya macho unaokula uwezo wa kuona polepole, kuanzia pembeni. Januari nusura umnyang'anye kazi.

Mwajiri wake, Mzee Kizito, alitaka cheti cha macho kabla ya msimu. Waruguru akaenda kliniki anakotibiwa, mjini Bungoma. Huko mgonjwa huegemeza kidevu kwenye mashine, hukazia macho taa ya katikati na kubonyeza kitufe kila anapoona cheche pembeni. Nyingi hakuziona. Majibu yakaonyesha giza limeenea kila upande, na daktari akamwambia aache kuendesha.

"Nililia, bana. Halafu nikakasirika. Jana yake nimelima mistari imenyooka, ati leo mimi ni kipofu?"

Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi mpaka mpimaji, Nelima, akakubali kumwangalia tena.

"Mama, mboni zako ni ndogo kama mbegu ya wimbi!" Nelima akashangaa. "Umeweka dawa leo?"

Alikuwa ameweka, tena mara mbili. Matone yake mapya hushusha presha, lakini pia hubana mboni, lile tundu jeusi linalopitisha mwanga.

"Nilitaka macho yakae vizuri mbele ya daktari," Waruguru anacheka. "Kumbe nimejifungia dirisha!"

"Mwanga ukiingia kidogo hivyo, mashine inadhani mtu haoni," anaeleza Nelima. "Na mwaka jana tulimpima mboni zikiwa kubwa. Sasa utalinganisha nini?"

Siku nyingine, kwa idhini ya daktari, mboni zilifunguliwa kwa dawa tofauti, akapimwa upya. Giza la kushoto lilikuwa palepale lilipokuwa mwaka jana, halijasogea. Kwingine kote aliona. Daktari akamruhusu kulima, mchana tu, mradi apimwe kila baada ya miezi sita.

Hajidanganyi. Kilichopotea hakirudi, ndiyo maana jioni anamfunza bintiye, Mary Ann, kushika usukani.

"Siku macho yakikataa kabisa, nitashuka mwenyewe, huyu apande," anasema. "Lakini si leo. Mvua inakuja na shamba bado nusu."