Mfereji wa Hedwiga

Hedwiga hakuwa mtu wa kuogopa. Wapigania uhuru waliporudi kwao, alimfuata mumewe Thabo kutoka Morogoro hadi Midrand, Afrika Kusini, na sanduku moja na mimba ya Emmy. Mama mkwe akamnunia miaka miwili, mwisho akachoka mwenyewe. Hata Thabo alipofariki, Hedwiga hakutetereka. Lakini siku hizi gari jeupe likipunguza mwendo getini, sufuria anaitua chini, anachungulia.

Chanzo ni mfereji.

Nyuma ya nyumba yake kuna bonde la matete, maji yanapita humo mwaka mzima. Alitaka kumjengea Emmy vyumba viwili hapo. Ramani ikapitishwa na manispaa. Yakabaki maji, na kwao Kibosho, Kilimanjaro, maji hayageuzwi hivihivi: unamwendea aliye chini yako na mbege, pombe ya ndizi, unamwomba. Jirani wa chini ni Fauzia, Mwislamu wa Tanga, basi Hedwiga akabeba sukari.

"Shoga, nayageuza maji yapite kando ya ukuta wako."

"Geuza tu. Kwani ni mimi niliyeyaumba?" Fauzia akacheka, sukari akaipokea.

Hedwiga akachimba, akafukia matete kwa kifusi, msingi ukasimama. Ndipo akaja bwana wa idara ya maji kwa gari jeupe, na kamera yake.

"Kibali kiko wapi, mama?"

Akamtolea ramani.

"Hii ni ya nyumba, ya manispaa. Maji na bonde ni ya serikali kuu, kibali chake ni kingine. Nani alikuruhusu?"

Mdomo ukamtangulia. "Jirani wa chini. Fauzia."

Yule bwana akaandika. Hedwiga aliiangalia kalamu ikitembea.

Barua ilipokuja, Emmy aliisoma kwa Kizulu, Kiswahili anakisikia tu. Maji yarudishwe ndani ya siku thelathini, la sivyo mahakamani. "Eish, mama. Na anti Fauzia yumo."

Makaratasi ya Fauzia ya kuishi nchini yalikuwa yanasubiri kuongezwa muda. Kesi moja tu, anapandishwa basi kurudi Tanga.

Hedwiga akaenda kumwambia. Safari hii Fauzia hakucheka. "Sukari yenyewe tumeshainywa, dada. Ningekurudishia."

Kesho yake Hedwiga akashika sururu, akaubomoa msingi kwa mkono wake. Kifusi akakitoa kwa toroli wiki tatu, mpaka maji yakarudi njia yake ya zamani. Kisha akaenda ofisini.

"Nilichimba peke yangu. Yule hana mamlaka ya kumruhusu mtu. Mfuteni."

"Jina likishaandikwa halifutwi, mama. Nitaambatisha maelezo yako. Wakubwa wataamua."

Bwana akaja kupiga picha tena, akasema barua itakuja. Ni mwezi wa pili sasa. Matete yameshachipua. Kila gari jeupe likiingia mtaani, Hedwiga anatoka getini kwake, Fauzia kwake, wote wanalitazama litasimama kwa nani.