Zinaingia Kumi na Sita, Zinatoka Ngapi?

Nakumbuka siku niliyorudi Newala na miksa yangu mpya ya muziki, mwanangu Zuhura. Nilikaa nyuma ya lori lililopeleka korosho Masasi na sasa linarudi tupu, nimeipakata ile miksa mapajani njia nzima, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa kijana bado. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Jana ulinipigia simu kutoka kwako Mkomaindo, kule Masasi, ukanipa shikamoo yako, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba ukauliza, "Mjomba, ninunue miksa au saundi kadi?" Unataka kurekodi bendi hapo nyumbani kwako, sauti ziingie kwenye kompyuta. Ukaniambia kuna miksa umeiona dukani, ina chaneli kumi na sita na taa za buluu, unachomeka waya mmoja tu kwenye kompyuta. Nikakujibu ngoja nifikiri. Uongo mtupu, sikuwa na cha kufikiri. Sasa nakujibu, na jibu lenyewe ni refu, kwa hiyo kaa chini. Mjomba wako siku hizi hana wa kuzungumza naye hapa Makote ila kuku, na kuku hawajui muziki.

Miksa ile niliinunua Masasi, msimu wa korosho. Kabla ya kuinunua nilipita kwa mzee mmoja fundi redio, tukimwita Fundi Hamisi, nimweleze ninachokitaka. Nilitaka sifa, basi. Nikamwambia ina njia kumi na sita. Mzee akaweka chini bisibisi yake.

"Zinaingia kumi na sita," akasema. "Zinatoka ngapi?"

"Zinatoka wapi, Mzee?"

"Kwenye kaseti. Wapige kumi na sita, waimbe kumi na sita, kwenye kaseti zinafika mbili tu, kushoto na kulia. Ukishatia sukari kwenye uji, kijana, kesho utaitoaje?"

Akanionyesha rekoda ndogo ya njia nne, imetumika, rangi imechubuka pembeni. Akasema humo kila mtu anakaa chumba chake, na mmoja akikosea unamrudia huyo huyo, wengine unawaacha walivyo. Nikacheka. Nilimcheka mtu mzima mbele ya kaunta yake, Mungu anisamehe. Unatujua sisi watu wa huku msimu wa korosho ukitupata. Mtu akishuka kwenye lori, lazima kijiji kizima kione ameshuka na nini. Sasa mimi nishuke na kijisanduku kama cha viatu, kimechubuka? Weee! Nikanunua lidude lenye taa, na watoto wa Makote wakanifuata mpaka mlangoni.

Bendi yetu ilikuwa ndogo. Gitaa mimi, besi mwingine, ngoma mwingine, na mwimbaji mdogo wangu Somoe. Mama yako. Alikuwa ametunga wimbo kwa Kimakonde, wa mama yetu na safari zake za kushuka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Nikisema wimbo ulikuwa mzuri sisemi kwa sababu ni ndugu yangu. Watu walikuwa wakiusikia wanaacha kula.

Tulirekodi kwenye stoo ya korosho hapa hapa nyumbani. Kuta tulizitundikia magunia sauti isirudi, jenereta tukaliweka kule nyuma ya mihogo. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua lilishakuwa kali. Somoe akaja na wewe mgongoni, una miezi minne, hukubali mgongo mwingine wowote. Nikanuna. Lakini bila Somoe hakuna wimbo, nikamsogezea maiki.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukaanza kulia. Tukasimama, tukaanza upya. Ukalia tena. Mara ya tatu nikalipuka.

"Somoe, mtoto huyo!"

"Kaka, ana njaa. Nipe dakika nimnyonyeshe."

"Petroli inakwisha! Twende hivyo hivyo."

Kweli petroli ilikuwa inakwisha, lakini dakika ya kukunyonyesha wewe ilikuwepo. Mimi ndiye sikuwa na subira nayo. Tukaanza. Ulipoanza kuguna tena, nikanyoosha mkono nikashusha kitufe cha maiki yake mpaka karibu na mwisho, kilio kisiingie kwenye kaseti. Nikasema moyoni, nitampandisha baadaye.

Yeye hakujua. Alifumba macho akaimba kwa moyo wake wote, huku mkono mmoja nyuma anakupigapiga taratibu kwa kufuata ngoma. Mimi nilikuwa natazama taa zangu zinapanda na kushuka, na gitaa langu linasikika safi. Wallahi nilifurahi.

Jioni ile tukamwekea bibi yako kaseti kwenye redio ya betri. Akasikiliza, akasogea, akatega sikio kwenye spika.

"Somoe yuko wapi?"

"Yumo, Mama. Sikiliza vizuri."

"Nalisikia gitaa lako tu, baba."

Somoe akacheka. Hakuwa mtu wa kununa yule. "Mwache, Mama," akasema, "Kaka atanipandisha."

Niliazima petroli kidogo, nikajaribu siku mbili nzima. Nikipandisha, linapanda gitaa. Nikishusha gitaa, naye anazama nalo. Ndipo nikamwelewa Fundi Hamisi, na haya ikanizuia hata kurudi Masasi kumwambia. Nikamwambia Somoe tutarudia petroli ikipatikana. Akasema sawa, Kaka. Ikaja palizi, ikaja mvua, yeye na baba yako wakahamia Lupaso. Kila tukionana ananiuliza, lini? Nami namjibu, karibuni. Akaugua, akafa, wewe hujatimiza miaka mitatu.

Siku ya tatu ya msiba niliingia stoo, nikawasha jenereta, nikaipitisha kaseti kwenye miksa nikavipandisha vitufe vyote kumi na sita. Vyote. Makote nzima ikasikia gitaa langu. Mama akaja akaizima kwa mkono wake, akakaa chini kwenye magunia, hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenitukana.

Mwaka juzi ulikuja, nikakupa kaseti, ukaiingiza sauti yake kwenye kompyuta yako, ukaniambia siku hizi kuna namna ya kuchambua, mwimbaji akatoka peke yake. Ikatoka sauti kama ya mtu anayeita kutoka ndani ya tenki la maji ya mvua. Ukairudia, ukairudia, halafu ukaniuliza, "Mjomba, kwa nini mama yuko chini namna hii?" Nikakujibu maiki ilikuwa mbovu. Halafu nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Maiki ilikuwa nzima, mwanangu. Nilimshusha mimi.

Kosa si lako, usije ukalibeba. Mtoto wa miezi minne kazi yake ni kulia. Kama ningekuwa na ile rekoda iliyochubuka, mama yako angekuwa kwenye njia yake peke yake, ningekata kilio pale kilipoingia na yeye nikamwacha juu. Au nisingekata kabisa.

Sasa nisikilize kuhusu vifaa. Usiangalie chaneli wala taa. Mwulize muuzaji swali la Fundi Hamisi: zinaingia kumi na sita, kwenye kompyuta zinafika ngapi, kila moja na njia yake? Akikwambia mbili, mshukuru, ondoka. Miksa hiyo ni nzuri ya kupigia harusini, wageni wakishacheza wamecheza, hakuna atakayerudi kesho kumtafuta mtu ndani yake. Zipo miksa zinazopeleka kila chaneli peke yake, ukiipata hiyo chukua. La sivyo nunua saundi kadi yenye matundu ya kutosha watu unaowarekodi. Na uliza vilevile matundu ya maiki ni mangapi, kwa maana wanaandika nane kwenye boksi, ukifika nyumbani maiki zinaingia mbili. Ikiwa uwezo wako ni wa ndogo, nunua ndogo, urekodi mmoja mmoja polepole. Usione aibu kushuka na kijisanduku. Kijiji kikishatazama kinarudi ndani kupika, na wewe unabaki na mashine yako miaka yote.

Na mtu akija na mtoto, mpe dakika anyonyeshe.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni zito kwangu kuliko yote. Kaseti niliyokupa ni kopi, na mwisho wake niliukata. Kwenye ile yenyewe, gitaa likishanyamaza, jenereta halijazima bado, maiki ya ngoma ilikuwa wazi. Unasikika wewe ukilia. Halafu anasikika mama yako, mbali kidogo lakini wazi kabisa, anacheka huku anahema, anasema, "Haya mama, haya. Tumemaliza. Njoo unyonye." Basi. Hapo petroli ikaisha.

Niliukata kwa sababu ungeuliza kwa nini kicheko chake kinasikika na kuimba kwake hakusikiki. Lakini nisikufiche lingine. Niliuzuia pia kwa uchoyo. Mke wangu alishatangulia, wenzangu wa bendi mmoja kafa na mwingine yuko Dar hapigi hata simu. Nyumba hii haina mtu anayesema tumemaliza, njoo. Naiweka kaseti, namsikia, nazima, ndipo napakua chakula changu. Miaka yote nimekula hivyo, na neno lenyewe lilikuwa lako, halikuwa langu.

Kaseti nimeifunga kwenye kitambaa, nitampa dereva wa gari la asubuhi aikabidhi mikononi mwako. Hiyo ndiyo yenyewe, kopi sikubakisha. Isikilize peke yako kwanza. Ukishaiingiza kwenye kompyuta, kama utaona inafaa, nipigie simu, uiweke karibu na simu, na mimi nisikie.

Mungu akutunze, Zuhura binti Somoe. Akupe kazi ya kuendesha nyumba yako na sikio lenye subira kuliko la mjomba wako. Kila atakayeingia kwako kuimba, atoke akiwa amesikika. Na mkono wako ukitaka kumshusha mtu, Mungu auzuie.