Mwiba wa Taa

Mama yangu alianza kuvua samaki uzeeni, eda ya baba ilipokwisha. Hakumtaka mtu ushauri. Siku moja alirudi nyumbani kwetu Ghubra na mshipi, ndoana na raba za kuingilia majini, akaniambia kila Ijumaa nimpeleke pwani ya Quriyat.

"Baridi hii hamra wanaingia mpaka maji madogo," alisema. Hamra ndio changu mkubwa mwekundu, huku tunamwita hivyo. "Nnataka nimvue mwenyewe, si kumnunua kalala kwenye barafu."

Basi nikawa dereva wake. Mimi bahari naiogopa. Sijui kuogelea, na maji yakinipanda magotini pumzi hunipaa. Nilikuwa nikikaa ufukweni na thamosi ya chai ya tangawizi, namtazama akiingia kwenye hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, huku anaburura miguu mchangani. Aliburura kwa sababu ya taa. Samaki huyo hujifukia mchangani, na ukimkanyaga hukuchoma kwa mwiba wa mkiani. Ukiburura miguu, anakusikia mapema akakimbia.

Ijumaa moja mama alikwenda mbali kuliko siku zote, akavuka mkondo wa katikati mpaka kwenye fungu la mchanga la upande wa pili. Nikamwona anavutana na mshipi, kisha akanyanyua samaki mwekundu juu nimwone. Alikuwa anacheka. Kwa furaha akarudi nyuma hatua moja, bila ya kuburura.

Sijapata kumsikia mama akipiga ukelele ule. Hata baba alipofariki alilia kimya kimya.

"Mama! Una nini?"

"Taa! Kanipiga taa!"

Akaanguka akakaa, maji yakamfika kifuani. Nikakimbia mpaka ukingoni, nikasimama. Nasema kweli, nilisimama. Nilitazama huku na huku, ufuko mtupu, ila gari moja ya wavuvi mbali kabisa. Nikapiga simu ya dharura. Aliyepokea akaniuliza niko upande gani wa hori, nikashindwa kumweleza. Jiwe nililokuwa nimekalia tulipofika lilikuwa limeshazama nusu. Maji yalikuwa yanajaa.

Nikaingia na abaya langu vile vile.

"Usinyanyue miguu!" mama alipiga kelele. "Buruza!"

Niliburura. Kila jani la mwani lililonigusa nililiona taa. Nilipofika kwenye mkondo maji yakanipanda kiunoni, baridi, abaya likanizonga miguuni, na nilitaka kurudi. Nilitaka sana kurudi. Sauti ya mama ndiyo iliyonivuta, kwa sababu ilikuwa imeanza kupungua.

Nilimkuta anatetemeka, midomo imekuwa myeupe, damu inatoka juu ya kifundo cha mguu. Samaki bado yumo kwenye mshipi, anampigapiga ubavuni. Nikaukata mshipi kwa kisu alichokuwa nacho kiunoni, nikamtia mama bega langu kwapani.

Kurudi kulikuwa kubaya zaidi. Maji ya mkondo sasa yalinifika kifuani, na mama kalegea mzima mzima juu yangu. Nikamsikia anasoma shahada, kama mtu anayeaga dunia.

"Usisome hiyo, Mama!" nikamwambia nalia. "Soma kitu chengine!"

Akaanza sura ya Yasin. Tukavuka nayo, hatua kwa hatua, hata sijui vipi.

Ufukweni alijibwaga akawa anauma ushungi wake kwa maumivu. Hapo nikakumbuka maneno aliyokuwa akinambia yeye mwenyewe kila wiki, kwamba sumu ya taa dawa yake maji ya moto. Sina maji ya moto. Nnayo chai. Nikaimimina yote kwenye ndoo ya chambo, nikachanganya na maji ya bahari. Halafu nikashikwa na khofu mpya: mama ana sukari, nyayo zake hazisikii moto vizuri, naweza kumuunguza asijue. Nikatia mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, nikangoja, nikahesabu, ndipo nikamtia mguu.

Baada ya muda akaachia ushungi. "Alhamdulillah," alisema. "Maumivu yanapoa."

Mvuvi mmoja wa ile gari ya mbali alikuwa ametuona, akaja mbio. Akachukua ufunguo wa gari yangu ili mimi nikae nyuma na mama, akatupeleka hospitali. Daktari alitoa kipande cha mwiba kirefu kama kucha, akatuonya kuwa mguu wa mtu wa sukari si wa kuchezea. Wiki nyingi kila asubuhi nilifungua bendeji nachelea nisije nikaona rangi nyeusi ya kuoza. Haikuja. Kidonda kikafunga.

Baridi imeingia tena. Wiki iliyopita nilimwambia, "Mama, Ijumaa twende Quriyat? Mara hii nitaingia na wewe."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Magoti yananiuma, mwanangu."

Magoti hayamuumi. Asubuhi ile ile nilimwona akipanda ngazi na kapu la nguo. Sikuwahi kumuona mama akiogopa kitu kabla ya siku hiyo. Nikakaa karibu yake, nikachukua konzi ya mchele kwenye ungo, nikawa natoa mawe.