Mama Mkwe Chini ya Pikapu

Hakuna mwanamume anayependa kukutwa na mama mkwe wake amelala chali chini ya gari, fulana imempanda hadi kifuani na karai la oili nyeusi liko ubavuni. Dereva wetu alikutwa hivyo hivyo, mchana kweupe, na alijitakia mwenyewe. Mkewe alimwambia asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, amwite mama. Akajibu kwamba kubadilisha oili ya difu si kazi ya kumshinda.

Ikamshinda. Alifungua nati ya chini akamwaga oili yote kutoka kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma bila kujaribu kwanza nati ya juu, ya kujazia, kumbe imeshika kutu. Akaing'ang'ania kwa spana isiyoitosha hadi pembe zake zikalika. Sasa difu tupu, hakuna pa kujazia, na alasiri hiyo vifaranga walikuwa wanamsubiri stesheni. Mfugaji mwenye vifaranga hao alishasema wazi: akichelewa, kazi ya kila wiki anapewa dereva mwingine. Ikabidi ameze kiburi na kupiga simu.

Huyo mama mkwe, Bi Grisi kwa wenzake, aliingia karakana ya malori ya taka akiwa mfagiaji, akatoka fundi mkuu. Wanaume waliomcheka mwanzoni ndio waliogombania kumbebea zawadi siku ya kumuaga. Siku hizi magoti yanamsumbua, lakini mwite kwenye gari bovu uone atakavyokuja mbio, utadhani kaitiwa mjukuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Ulianza na ya chini?"

"Nilianza na ya chini."

Hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alitandika gunia akaingia uvunguni. Akasugua kutu kwa brashi ya waya, akadondoshea mafuta ya taa, akasubiri, kisha akagongelea kwa nyundo soketi ndogo kuliko nati mpaka ikauma.

"Watu hukimbilia kufungua," alisema. "Ikaze kwanza, kidogo tu. Kutu ikikatika ndipo uigeuze kufungua."

Ikalia kwi! ikalegea. Dereva nusura amkumbatie, akakumbuka ni mkwe.

Bi Grisi alifikicha kati ya vidole ule uji wa kijivu wa vumbi la chuma ulioganda kwenye nati ya chini. "Laini. Meno ya gia hayajavunjika." Akaifunga, wakapampu oili mpya, yenye harufu ya mayai viza, hadi ikaanza kumwagika kupitia tundu la juu. Dereva akakimbilia kuziba.

"Tulia! Gari limesimama sawasawa, acha iliyozidi itoke. Ikikoma, ndiyo imejaa."

Ilipokoma, akafunga kwa nati nzima aliyokuja nayo mfukoni. Ndipo mke akatokea na kikapu chake.

"Mama! Kwani difu imemshinda?"

"Nani amekwambia? Mumeo amemaliza zamani. Mimi nimepita kuwasalimia." Alisema hayo huku oili ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Dereva alikuwa ameshawasha injini. Angeweza kuondoka na heshima yake. Akaizima, akashuka.

"Usimsikilize. Mimi nimeharibu, mama ametengeneza. Bila yeye kazi ilikuwa imekwenda."

Bi Grisi akainama kujifuta mikono, akajifuta weee, hata palipokuwa safi.

"Haya, wahi vifaranga wako, mwanangu," alisema. Tangu harusi alikuwa hajamwita hivyo.