Mwasho wa Klorokwini

Miaka hiyo, ukiumwa na kichwa kwetu ulikuwa na malaria. Hakuna aliyebishana. Ulimeza klorokwini, vidonge vichungu vya kukutoa machozi, na kesho yake mwili ukaanza kuwasha: nyayo, viganja, hata ndani ya masikio. Mwasho huo ulitufurahisha. Watu walisema dawa imekubali. Mtu aliyekuwa akikunwa mgongo na wenzake alikuwa mtu anayepona.

Dada yangu, mkubwa wetu, alikuwa muuguzi katika zahanati moja upande wa Mwala. Kila mtu alimwita sista, kama wauguzi wote walivyoitwa. Mimi pia nilimwita hivyo, nikimtania kwamba ni mimi peke yangu niliyelitumia jina hilo kwa haki.

Mimi nilikuwa mtu wa barabarani. Nilipomaliza kidato cha nne sikukaa mahali. Nilikata mkonge, nikalinda ghala Mombasa, nikachuma maua Naivasha. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kalama kupumzika kidogo kabla ya kuondoka tena, mama, mwaitu kama tulivyomwita kwa Kikamba, akaniambia, "Enda uone dada yako. Hajakuja nyumbani siku nyingi, na wanasema anafanya kazi akiwa amefunga kichwa."

Kwetu kufunga kichwa ni kukaza leso kwenye paji la uso, fundo likae pale panapouma. Nilimkuta hivyo, leso imetokeza chini ya kofia yake nyeupe ya kazi, fundo juu ya jicho la kushoto. Alikuwa amemaliza kumdunga mzee mmoja sindano.

"Sista, leo ningekudunga mimi," mzee alisema akipandisha suruali. "Naona wewe ndiye mgonjwa."

"Ukinidunga utapona wewe, mzee. Kaa hapo nje kidogo, usianguke nikaitwa."

Mzee alitoka akicheka. Dada akaniona mlangoni.

"Na huyu amepotea njia?"

"Nimetumwa na mwaitu. Anauliza kichwa."

"Mwambie niko na malaria kama watu wengine. Nimeshameza dawa. Hata daktari wetu hapa hii kichwa ilimshika juzi, na sasa anakula ugali kuliko wewe."

Zahanati haikuwa na darubini ya kupima damu. Kichwa, joto, uchovu: ilitosha. Yeye mwenyewe ndivyo alivyowatibu watu wa kule wote, na wengi walipona.

Nilibaki naye katika chumba chake nyuma ya zahanati. Mwasho ulianza, naye akafurahi kabisa. Nilimkuna mgongo kwa gunzi la mahindi, yeye akiniamuru kama mkubwa wa kazi.

"Juu. Hapana, umepita. Hapo. Nikune kama mtu aliyekula."

"Imekubali," nilimwambia.

"Imekubali, mwana wa mwaitu."

Lakini dozi iliisha na mwasho haukuisha. Kichwa nacho hakikuisha. Fundo la leso lilihama kutoka jicho moja hadi jingine, kisha likakaa kisogoni. Akawa anachukia harufu ya mafuta yakichemka, chai anaiacha ikipoa. Mwenzake wa kazi alisema ni klorokwini, huwa inachelewa kutoka kwenye miili mingine. Tulimwamini. Nilitaka kumwamini. Niliendelea kumkuna mpaka ngozi ikawa na michirizi, na kila alipojikuna nilijiambia huku ndiko kupona.

Asubuhi moja alitoka kuota jua. Aliniomba nikaze leso, nikasimama mbele yake, naye akainua uso. Mikono yangu ikasimama. Alikuwa amezoea kusoma nyuso za watu waliowaleta wagonjwa.

"Ni macho?" aliuliza.

"Sijui."

"Vuta kope ya chini. Taratibu. Sasa niambie pale palipo peupe pako namna gani."

"Si peupe sana."

"Ni manjano?"

"Kidogo."

"Usinidanganye. Hiyo 'kidogo' ni mimi huwaambia watu."

Nilimwambia ni manjano. Alikunjua viganja vyake akavitazama. Kisha akaniambia kwamba kabla ya mvua waliletewa mtu kwa mkokoteni wa punda, macho yake yakiwa hivyo hivyo. Glavu zilikuwa zimeisha. Alimdunga, na alipokuwa akirudisha kifuniko kwenye sindano ikamchoma kidole. Alikisugua kwa spiriti akaendelea na foleni.

"Hii si malaria," alisema. "Ni ini. Kuna virusi ya namna hiyo. Huu mwasho haukuwa wa dawa."

"Dawa yake ni gani?"

"Kupumzika."

"Hiyo si dawa."

"Ndiyo iko," alisema. "Kaza leso."

Tulimpeleka hospitali mjini Machakos. Waliomtibu walikuwa watu wema, wengine walisoma naye. Walimwekea maji ya sukari kwenye mshipa, wakasema wengi hupona wenyewe, tungoje. Tulingoja. Mama alikaa upande wa miguu akiipapasa. Mimi, niliyejua kutoroka kila mahali palipokuwa pagumu, sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa na leso tu.

Hakuwa miongoni mwa hao wengi. Tulimzika Kalama.

Nimezunguka sana tangu wakati huo. Klorokwini haitolewi tena kwetu, na vijana hawaujui mwasho ule. Mimi ninaukumbuka hadi viganjani, na ajabu ni kwamba ninaukumbuka kwa hamu, zile siku za gunzi, tulipodhani anapona.

Siku yake ya mwisho ya kusema, akili ilikuwa imeanza kupotea. Alimtazama mama bila kumjua. Mimi alinitazama muda mrefu, macho yake yakitafuta mahali pa kuniweka. Nilidhani ataniita mwana wa mwaitu.

"Sista," aliniambia kwa adabu, kama wale wagonjwa wanaongoja kwenye benchi tangu asubuhi. "Sista, naumwa na kichwa."

Nilimjibu kama alivyokuwa akiwajibu wao.

"Pole, mama. Tutaona."

Nikalifungua fundo, nikalihamishia mahali aliponionyesha, nikakaza.