Faili Moja, Mikono Miwili

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya baridi pale Iringa ambayo naikumbuka vizuri kuliko nyumba nyingi nilizoishi baadaye. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha nne mfukoni, na kiburi kilichokizidi cheti chenyewe. Nilifanya kazi katika chumba cha kompyuta cha hospitali moja. Tulikuwa watatu: mzee Kaduma, mkuu wetu, dada Tusa, Mnyakyusa aliyekuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na mimi.

Kila mtumiaji wa mfumo alikuwa na mstari wake kwenye faili la majina, na nywila yake ilikaa kwenye faili la pili. Mzee Kaduma alitukataza kuyahariri mafaili hayo kwa programu ya kawaida ya kuandikia. "Tumieni vipw," alisema. Amri hiyo hulifunga faili, mwingine asiliguse mpaka wewe umalize. Mimi niliona ni woga wa kizee. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndiyo, lakini siku ile guu lililovunjika halikuwa langu.

Mzee alikuwa amesafiri kwenda Mbeya. Nikalifungua faili la majina kwa programu niliyoizoea, nifute mstari wa daktari aliyehama. Kabla sijahifadhi, nikaitwa wodini, printa imekwama. Faili nikaliacha wazi. Huku nyuma dada Tusa akawaandikisha wauguzi wapya kumi na wawili, mmoja mmoja, kwa amri halali. Niliporudi akanitania, "Wewe Mhehe, printa umeichoma mkuki?"

"Nyamaza, mla ndizi," nikamjibu nikicheka, nikabonyeza kuhifadhi. Mashine ikaniuliza: faili limebadilika tangu ulifungue, niandike hivyo hivyo? Swali sikulisoma hadi mwisho. Nikajibu ndiyo. Nakala yangu ya zamani ikaifunika ile mpya, na majina kumi na mawili yakapotea bila kelele.

Kesho yake wauguzi wakakataliwa na mfumo. Majibu ya maabara hayasomeki, watu wanakimbizana na karatasi. Katibu wa hospitali akaja amefura, akamgeukia Tusa.

"Binti, si ulisema umemaliza?"

"Nilimaliza, baba. Niliwaandika wote."

"Wako wapi?"

Dada Tusa akanitazama. Mwanangu, nilikuwa nimeshaelewa. Lile swali la mashine lilikuwa limenirudia, pamoja na jibu langu. Nikainamia kibodi kama mtu mwenye kazi nyingi. Jioni ile akaambiwa asirudi.

Mzee Kaduma aliporudi hakupiga kelele. Aliyafungua mafaili mawili, akayalinganisha. Kwenye faili la nywila wauguzi wote kumi na wawili walikuwapo. Kwenye faili la majina hayupo hata mmoja.

"Kazi aliifanya," alisema. "Kuna mtu kaifunika. Tuko watatu, na mimi nilikuwa Mbeya." Akavua miwani. "Faili nitalitengeneza kabla ya chai. Tusa utamtengeneza kwa amri gani? Nenda kamtafute."

Nilimkuta Mbalizi kwa shangazi yake, anapanga viazi kwenye ndoo ya sado. "Ugonile, dada," nikamsalimu kwa lugha ya kwao. Hakutabasamu. Nikamweleza yote, na kwamba katibu, alipoelezwa ukweli, amekubali arudi kazini.

"Mashine ilikuuliza kwanza?"

"Iliniuliza."

"Na mimi ungeniuliza. Tulikaa meza moja." Akachukua kiazi kingine, akakipangusa udongo. "Waambie nashukuru. Sirudi mahali ambapo mwenzangu aliniona nazama, akainama."

Sikukaa sana pale hospitalini. Nimehama hapa na pale, Nyololo, Mbeya, kisha Iringa tena, na kusema kweli nimechoka. Maji yaliyomwagika hayazoleki, hata ukihama mji.

Basi sikia. Kabla hujagusa faili la watumiaji, toa nakala yake. Tumia amri inayolifunga, hata ukidhani uko peke yako. Mwambie mwenzako wa meza ya pili. Ukimaliza, usifunge dirisha lako la msimamizi mpaka umejaribu kuingia kwa dirisha jingine. Wengi wamejifungia nje kwa pupa hiyo. Mashine ikikuuliza, soma. Na ukikosea (utakosea tu, mwanangu, hakuna fundi asiyekosea), sema siku hiyo hiyo, mbele ya yule anayelaumiwa. Faili lina nakala. Mtu hana.

Mungu akujalie mikono isiyo na pupa na ulimi usiochelewa kusema kweli, na wote utakaokaa nao meza moja wakukumbuke kwa wema.